Uhakika Si Ushahidi

Hotuba hii inawekwa hapa kama ilivyotolewa mbele ya mkutano, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti, wageni waalikwa, wazazi, walimu, vijana wetu, ndugu zangu nyote: nawashukuru kwa kunikaribisha na kwa kuja kwa wingi.

Nianze na ombi. Leo nitataja makosa kadhaa ambayo binadamu huyafanya anapohukumu mambo, na najua kitakachotokea. Kila nitakapotaja kosa, atakujia mtu akilini. Atakujia bosi wako. Atakujia shemeji yako. Utasema moyoni, "Maneno haya yangemfaa sana fulani, bahati mbaya hayupo." Naomba kila fulani huyo akija, umwache aende zake, swali libaki kwako: mimi nalifanya lini?

Nina sababu ya kuomba hivyo. Mwaka 2002 Emily Pronin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaeleza watu makosa ya kawaida ya fikra, kisha wakawauliza: kati yako na watu wengine, nani huyafanya zaidi? Kwa jumla walijibu kwamba wengine huyafanya kuliko wao. Baadaye wengine wakaombwa wajipime sifa zao, wakajipa alama za juu kuliko wenzao. Wakaelezwa waziwazi kwamba watu wengi hujipendelea katika vipimo vya namna hii. Walio wengi wakashikilia kwamba alama walizojipa zilikuwa za haki. Wahenga walishalimaliza jambo hili zamani: nyani haoni kundule.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kimoja. Uhakika ni hisia. Unaingia moyoni kama furaha inavyoingia, kama hofu inavyoingia, na mara nyingi unaingia mapema, kabla ya kazi ya kuchunguza kwisha. Ukishaingia, tunaacha kuchunguza. Kisha tunautumia uhakika wenyewe kama ushahidi: "Mimi nina hakika." Una hakika, sawa. Lakini umeipata wapi?

Tujaribu kitu pamoja. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason, huko London, aliwapa watu namba tatu: 2, 4, 6. Akawaambia: namba hizi zinafuata kanuni ambayo naijua mimi. Nitajieni namba tatu nyingine zozote, nami nitasema kama zinaifuata au haziifuati. Mkiwa na uhakika, niambieni kanuni ni ipi.

Nanyi mngemtajia namba gani? Nasikia huku mbele: 8, 10, 12. Ndiyo, zinafuata. Nasikia 20, 22, 24. Zinafuata. 100, 102, 104? Zinafuata. Sasa mna uhakika, sivyo? Kanuni ni kuongeza mbili.

Siyo. Kanuni ya Wason ilikuwa pana kuliko hiyo: kila namba iwe kubwa kuliko iliyotangulia, basi. Kwa hiyo 1, 2, 3 zingekubaliwa. 5, 70, 900 zingekubaliwa. Lakini hakuna hapa aliyesema 5, 70, 900. Hakuna aliyesema 6, 4, 2 ili aone kama atakataliwa. Kila mmoja aliuliza swali ambalo alitarajia kujibiwa "ndiyo". Ndiyo zikawa nyingi, kila moja ikaongeza uhakika, na uhakika wote ule ukawa wa kitu ambacho si kweli. Hivyo ndivyo walivyofanya wengi waliokuja kwa Wason.

Hapo ni namba tu, hakuna aliyeumia. Sasa tuangalie kosa hilohilo linapomwangukia mtu.

Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka ndani ya treni za abiria mjini Madrid, Hispania. Watu zaidi ya 190 waliuawa. Polisi wa Hispania walikuta mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu, na juu ya mfuko ule kulikuwa na alama ya kidole. Picha ya alama ile ikafika FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Kompyuta yao ikatoa orodha ya watu 20 ambao alama zao zinakaribia kufanana nayo, na wa nne katika orodha alikuwa wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Mtaalamu wa kwanza akatazama, akasema ni yeye. Wa pili akathibitisha. Wa tatu akathibitisha. Baadaye hata mtaalamu wa nje aliyewekwa na mahakama akasema ni yeye.

Katikati ya Aprili, Wahispania walipeleka taarifa kwamba wao wamelinganisha na hawaoni kufanana. Unapoambiwa hivyo na watu walio na mfuko wenyewe mikononi, ungefanya nini? Ungerudi mezani uanze upya. FBI hawakuanza upya; walikwenda kuwaelewesha Wahispania. Wapelelezi wakatafuta kumbukumbu za safari za yule wakili, wasione safari yoyote ya kwenda Hispania. Je, hilo lilimsaidia? Hata kidogo. Hati iliyopelekwa kwa hakimu ilisema inaaminika kwamba huenda alisafiri kwa jina la uongo. Mnaona? Angekuwa na safari, ingekuwa ushahidi dhidi yake. Hakuwa na safari, nalo likawa dhidi yake. Pakifika hapo, mtu hana jambo lolote analoweza kulifanya au kutolifanya ili aonekane hana hatia.

Akakamatwa tarehe 6 Mei. Tarehe 19 Mei Wahispania wakatangaza kwamba alama ile ni ya mtu mwingine kabisa, raia wa Algeria, na kesho yake wakili akaachiwa. Serikali ya Marekani ilimwomba radhi, na mwaka 2006 ikakubali kumlipa fidia ya dola milioni 2.

Ninawaomba mtulie kidogo hapa, maana kitu kilichogunduliwa na wakaguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani baadaye ndicho kilichonifanya nichague mada hii. Alama iliyokuwa kwenye mfuko ilikuwa hafifu. Alama za wakili zilizokuwa kwenye jalada zilikuwa safi. Wataalamu walipoona sehemu kadhaa zinafanana kweli, wakaanza kwenda kinyumenyume: wakaitazama ile alama safi kwanza, kisha wakaitafuta kwenye ile hafifu. Kila kilichokuwa kwenye safi, wakakiona kwenye hafifu. Pasipofanana, wakapata maelezo. Walikuwa watu wenye ujuzi mkubwa, na hawakuwa wanadanganya. Waliona kwa macho yao kitu ambacho hakikuwepo, kwa sababu walikuwa wameshajua wanachokitafuta. Na wakaguzi wakasema pia kwamba walipokuja kujua kuwa yule wakili ni Mwislamu na amewahi kumwakilisha, katika kesi ya malezi ya mtoto, mtu aliyepatikana na hatia ya ugaidi, huenda hilo lilichangia wasirudi kujiuliza upya.

Ndugu zangu, ni mara ngapi tumemshuku mtu kwanza, kisha tukaanza kuzisoma salamu zake, ukimya wake, kicheko chake, kwa kutumia shaka ileile? Akisalimia, anajipendekeza. Asiposalimia, ana kiburi.

Kosa la pili ni la kutazama kilicho mbele ya macho na kusahau kilichoachwa nje. Hili ni gumu zaidi, kwa sababu kisichokuwepo hakipigi kelele.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, huko Marekani, wahandisi walikuwa kwenye simu ya pamoja wakibishana na viongozi wao na wenzao wa NASA, shirika la anga la Marekani. Chombo cha angani Challenger kilikuwa kiruke asubuhi, na hali ya hewa ilikuwa ya baridi kali. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kando walikuwa na hofu juu ya pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hizo. Mpira ukipoa hukakamaa, na ukikakamaa huchelewa kuziba. Walipendekeza chombo kisirushwe katika baridi kali kuliko nyuzijoto 12 za Selsiasi, ambayo ndiyo iliyokuwa baridi kubwa kuliko zote katika safari zilizotangulia.

Swali likawa: kuna ushahidi kwamba baridi ndiyo inayoharibu pete? Wakatazama safari ambazo pete zilikuwa zimeharibika. Baadhi zilikuwa za baridi. Lakini nyingine ilikuwa ya joto la nyuzi 24. Ukizitazama hizo peke yake, huoni mpangilio. Pete zimeharibika kwenye baridi, zimeharibika kwenye joto. Hoja ya wahandisi ikaonekana dhaifu, viongozi wa kampuni yao wakabadili msimamo, na idhini ikatolewa.

Nini kiliachwa nje? Safari ambazo pete hazikuharibika. Hizo hazikuwekwa mezani, kwa sababu mtu akitafuta chanzo cha tatizo hutazama palipo na tatizo. Tume iliyochunguza ajali ilikuja kuziweka zote pamoja, safari 24. Safari 4 zilikuwa za nyuzijoto takriban 17 kwenda chini: zote 4 pete zilipata madhara. Safari 20 zilikuwa za nyuzijoto takriban 19 kwenda juu: ni 3 tu zilizopata madhara. Mpangilio ulikuwepo siku zote. Ulikuwa umelala kwenye safari ambazo hazikuwa na habari ya kusimulia.

Asubuhi ya tarehe 28 joto lilikuwa kama nyuzi 2. Sekunde 73 baada ya kuruka, Challenger kilisambaratika angani na watu wote 7 waliokuwemo wakafa. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, na wanafunzi wengi wa nchi ile walikuwa wakitazama kwenye televisheni.

Tuyalete haya kwenye maisha yetu. Unasikia kwamba fulani aliacha shule akatajirika, na kijana wako anakuuliza kwa nini yeye asome. Unasikia kwamba watu kumi walikunywa dawa fulani wakapona. Umeota ndoto ikatokea. Katika kila moja ya habari hizi kuna kundi ambalo halikusimuliwa: walioacha shule wasitajirike, waliokunywa dawa ileile wasipone, waliopona bila kunywa chochote, ndoto zote ulizoota zikapita bila kitu. Kundi hilo halialikwi kwenye mahojiano. Bila hilo hujui lolote, hata ukiwa na mifano mia.

Sasa niseme kidogo juu ya hesabu. Msiogope, ni hesabu ndogo.

Kuna ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 1,000. Kuna kipimo cha ugonjwa huo ambacho, kwa watu wasio na ugonjwa huo, hukosea mara 5 katika kila 100 na kusema wanaumwa. Wewe huna dalili yoyote, umepimwa tu, majibu yanasema unao. Je, uwezekano kwamba kweli unaumwa ni kiasi gani? Jibuni moyoni.

Swali hili waliulizwa madaktari na wanafunzi wa udaktari 60 katika hospitali za kufundishia za Harvard, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Karibu nusu walijibu asilimia 95. Waliojibu sawasawa walikuwa 11. Jibu ni kama asilimia 2.

Kwa nini? Chukua watu 1,000. Mgonjwa ni 1, na tuseme kipimo kinamnasa. Wazima ni 999, na kipimo kinawasingizia 5 katika kila 100, yaani kama watu 50. Walioambiwa wanaumwa ni 51 kwa jumla, na mgonjwa kati yao ni 1. Unaporudi nyumbani na karatasi ile mkononi, unajiona wewe ndiye yule 1. Lakini wale 50 wana karatasi kama yako.

Sisemi msiviamini vipimo. Anayepimwa akiwa tayari ana dalili hesabu yake ni nyingine kabisa, na ukiambiwa urudie kipimo, rudia. Ninachosema ni kwamba tulipewa mambo mawili, kosa la kipimo na uhaba wa ugonjwa, na akili zetu zikashika moja. Ndivyo tunavyofanya pia tunapomwona mtu mpole anayependa vitabu tukasema lazima awe mkutubi, bila kujiuliza wakutubi duniani ni wangapi na watu wapole wenye kazi nyingine ni wangapi.

Wazazi na walimu, hili linalofuata ni lenu hasa. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, ambaye mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, aliwahi kuzungumza na wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israeli. Aliwaeleza kwamba sifa hufundisha vizuri kuliko karipio. Mkufunzi mmoja mzoefu akakataa. Akasema: mimi nikimsifu kijana aliyerusha ndege vizuri sana, safari inayofuata huharibu. Nikimfokea aliyeboronga, safari inayofuata hufanya vizuri. Sasa usituambie habari za sifa.

Mkufunzi hakukosea alichokiona. Alichokiona ni kweli. Lakini fikirini: kijana anayerusha ndege vizuri kupita kawaida yake, siku hiyo kuna bahati ndani yake. Kesho bahati haipo, atarudi kwenye kiwango chake, usifu usisifu. Na aliyeboronga kupita kawaida yake, kesho atapanda kidogo, ufoke usifoke. Mkufunzi alifoka, akaona nafuu, akahesabu nafuu ile ni kazi ya mdomo wake. Basi maisha yakamfundisha kinyume, miaka nenda miaka rudi. Akisifu anaadhibiwa, akifoka anatuzwa.

Ni watoto wangapi wamepigwa kwa sababu ya hesabu hii? Mtoto ameleta matokeo mabaya kuliko yote, amechapwa, muhula unaofuata amepanda, na mzazi anasema, "Mnaona? Fimbo inafanya kazi." Jambo hili linaniumiza kuliko yote niliyoyasema leo, kwa sababu mzazi yule anampenda mwanawe na ushahidi anao mkononi, tena ushahidi wa macho yake mwenyewe.

Nipite haraka kwenye kosa jingine: namba ya kwanza tunayoisikia hutuvuta tunapokisia. Kahneman na mwenzake Amos Tversky walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, gurudumu lililotengenezwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65, kisha wakauliza ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa ni za Afrika. Walioona 10 walikisia kama 25. Walioona 65 walikisia kama 45. Namba ya gurudumu haikuwa na uhusiano wowote na swali, na kila mtu aliliona likizungushwa. Wanasheria wa Ujerumani nao walirusha dadu kabla ya kupendekeza kifungo cha mwizi wa dukani, na waliopata namba kubwa wakapendekeza kifungo kirefu zaidi. Basi mnapokwenda kupatana bei au mshahara, jueni anayetaja kwanza ameshawavuta.

Sasa tufanye nini? Wengi watajibu: tuwe makini zaidi. Ndugu zangu, wale wataalamu wa alama za vidole walikuwa makini. Kulijua kosa hakukuzuii kulifanya. Kinachosaidia ni kupanga kazi kwa namna ambayo kosa likija linakuta mlango umefungwa.

Baada ya aibu ya Madrid, FBI ilibadili utaratibu wa kulinganisha. Sasa mtaalamu anatakiwa aichunguze kwanza ile alama hafifu peke yake na aandike anachokiona, kabla ya kufungua alama za mshukiwa. Macho ni yaleyale na ujuzi ni uleule. Kilichobadilika ni kipi kinatangulia. Nanyi mnaweza. Unaajiri? Andika sifa unazozitaka kabla hujaona sura ya mtu wala kusikia jina lake. Unataka kununua? Andika bei yako kabla hujauliza yake. Unaamini jambo? Andika ni kitu gani ukikiona kitakufanya uliache. Usipopata cha kuandika, hapo ujue huamini kwa sababu ya ushahidi.

Na kwenye vikao vyetu? Tunasema penye wengi hapaharibiki neno. Panaharibika, kama wengi wote wamemfuata wa kwanza kusema. Katika miaka ya 1950 Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi una urefu sawa na upi, swali ambalo mtoto angelijibu. Lakini waliotangulia kujibu walikuwa wamepangwa wote waseme uongo. Kama theluthi ya majibu ya wale waliokuwa wakipimwa iliufuata uongo ule. Kisha Asch akamweka mtu mmoja tu katika kundi anayesema kweli, na kufuata uongo kukapungua mno. Mtu mmoja!

Kwa hiyo kila mtu aandike maoni yake kwenye karatasi kabla mkubwa hajafungua kinywa. Na mtu mmoja apewe kazi ya kupinga, kwa zamu, ili asionekane mkorofi.

Mwenyekiti, naona kuna karatasi mezani na muda wa maswali umefika. Naomba kila mmoja aandike kwanza jambo moja ambalo hakukubaliana nami, kabla hajamgeukia jirani yake. Kisha kipaza sauti kianzie kwa aliyeandika pingamizi refu kuliko wote. Asanteni sana.